Bustani Ilipambwa, Jumba Likaanguka

Kisa hiki ni cha Unguja, lakini nakiandika kwa ajili ya watu wa Rungwe, hasa wale watakaoketi siku moja katika kikao pale Tukuyu na kuulizwa: eneo hili la boma tulifanyie nini? Swali hilo litakuja. Mji unapokua, viwanja vya kati hupanda thamani, na majengo ya zamani huanza kutazamwa kwa macho mapya. Jibu linalopendwa katika vikao vya namna hiyo ni bustani ya kupumzikia: maua, njia za kutembea, taa, mabenchi na vibanda vya vinywaji. Sina ugomvi na bustani, na watu wa Tukuyu wanastahili mahali pa kukaa jioni na watoto wao. Naomba tu kwamba kabla mtu hajanyoosha mkono kuipitisha, awe amesikia yaliyotokea Forodhani.

Forodhani ni bustani ya pwani iliyo mbele ya Mji Mkongwe. Aliyewahi kufika Unguja jioni anaijua: moshi wa mishikaki, urojo, pweza, juisi ya miwa, na vijana wanaopiga mbizi kutoka ukutani maji yakijaa. Ilitengenezwa miaka ya 1930, na kufikia mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imechakaa. Asasi ya Utamaduni ya Aga Khan ikaikarabati, ukuta wa bahari ukaimarishwa, njia zikatandikwa upya, taa zikawekwa, na katikati ya mwaka 2009 ikafunguliwa tena kwa wananchi. Ilikuwa kazi nzuri, na faida yake inaonekana hadi leo.

Ng'ambo ya barabara, hatua chache kutoka kwenye mabenchi hayo mapya, lilisimama Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na mapokezi ya wageni. Kuta zake zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, likazungukwa na veranda pana zilizobebwa na nguzo za chuma zilizoagizwa ng'ambo. Ndilo lililotangulia kuwashwa taa za umeme Unguja, na likawa na lifti wakati ambapo watu wengi wa Afrika Mashariki hawakuwa wamewahi kusikia habari ya kitu hicho. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga eneo la ikulu kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm, jirani yake, liliharibika kiasi cha kutofaa tena. Jumba la Maajabu likabaki limesimama, na baadaye likajengewa mnara wa saa kwa mbele. Waingereza wakalifanya ofisi za serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumika kwa shughuli za chama, kisha likawa makumbusho, na wageni wakawa wanaingia kutazama, pamoja na mengine, mtepe, kile chombo cha mababu kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja.

Jengo hilo basi lilistahimili mizinga. Kilichokuja kulimaliza kilikuwa maji, kutu na muda.

Mwaka 2012 sehemu ya jengo iliporomoka, na makumbusho yakafungwa. Mwaka 2014 Mfuko wa Dunia wa Minara ya Kumbukumbu, wenye makao yake New York, uliliweka pamoja na kasri la jirani yake katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Hakuna awezaye kusema kwamba hakukuwa na onyo. Mji Mkongwe ulikuwa na mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na tangu mwaka 2000 ulikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wataalamu walikuwepo na sheria ilikuwepo, na sura ya jumba lile ilijulikana duniani kote. Hatimaye msaada wa serikali ya Oman ukapatikana, na mafundi wakaingia kazini. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, upande wa mbele ukaanguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha na wengine wakajeruhiwa.

Kati ya kufungwa kwa makumbusho na siku ile kuna miaka minane. Kwa miaka yote minane bustani ya mbele ilikuwa nzuri, safi na yenye watu kila jioni. Bustani haikuliangusha jumba, na waliojenga bustani hawakupewa jumba walitunze. Lakini nadhani, na hili ndilo ninalotaka Rungwe itafakari, kwamba bustani nzuri hutuliza macho. Mji ukiwa na lawni iliyokatwa na taa zinazowaka, kila mtu huhisi kwamba mahali pale panatunzwa. Ufa ulio juu ya dari hauna wa kuusemea, kwa kuwa hakuna anayekula mishikaki juu ya dari.

Inafaa kueleza maji yanavyoua jengo la zamani, maana wengi wetu tunadhani jengo huzeeka kama mtu anavyozeeka, kwamba siku zake zikifika zimefika. Si hivyo. Jengo la mawe au matofali lenye paa zima na msingi mkavu linaweza kusimama mamia ya miaka. Maji yakipata tundu moja juu, kazi huanza. Hulowesha ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, mahali pasipofika upepo wala jicho, na mbao huoza kuanzia hapo. Chuma kilichozikwa ndani ya zege hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Chokaa iliyoshika mawe hulainika. Ukuta uliokunywa maji huwa mzito, na uzito huo hubebwa na boriti zile zile zilizokwisha kuoza.

Halafu huja ukarabati wa haraka, ambao mara nyingi ni ugonjwa wa pili. Ukuta wa chokaa au wa udongo huvuta unyevu na kuutoa tena jua likiwaka. Fundi akiupiga lipu ya saruji na kuumalizia kwa rangi ya mafuta, amefunga njia ya kutokea. Kwa nje ukuta unang'aa, mgeni rasmi anapiga picha, na nyuma ya lipu matofali yanageuka unga. Miaka michache baadaye bamba zima la saruji linadondoka likiwa limeshika uso wa tofali, na watu wanasema, hili jengo limekwisha, livunjwe. Ninaamini majengo mengi nchini mwetu yamehukumiwa kifo kwa kosa la lipu yaliyopigwa na watu waliotaka kuyapendezesha.

Sasa turudi nyumbani.

Tukuyu hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma haifikishi 600. Mawingu yanayopanda kutoka Ziwa Nyasa hugonga Mlima Rungwe, wenye kimo cha takriban mita 2,960, yakamwaga mzigo wao juu yetu kuanzia Novemba hadi Mei, na hata miezi inayoitwa ya kiangazi haikosi ukungu na manyunyu. Mvua hiyo ndiyo ndizi zetu, chai yetu, parachichi zetu na ng'ombe wetu wa maziwa. Hiyo hiyo ndiyo adui wa kila tofali la zamani lililoko wilayani. Mtu wa Dodoma akisahau gata lililoziba kwa miaka mitatu, huenda asione kitu. Mtu wa Tukuyu akilisahau kwa msimu mmoja, kuvu imeshapanda ukutani.

Na tuna vya kupoteza. Wajerumani walianza kituo chao cha utawala ufukweni mwa Ziwa Nyasa mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakakiita Langenburg. Pwani ile ilikuwa na homa nyingi, na ulipoingia mwaka 1900 wakaanza kuhamia juu penye ubaridi, wakajenga boma na kupaita Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Hapo ndipo Tukuyu ya leo. Tetemeko kubwa la ukanda wa Rukwa la Desemba 1910 na mitetemeko ya 1919 ilitikisa na kuharibu majengo ya mji. Mwishoni mwa Mei 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Jenerali Northey yaliyotokea Nyasaland yaliuteka mji, na Waingereza wakaendesha wilaya kutoka hapo hadi uhuru. Kazi za serikali hazikuhama. Hadi leo mtu akisema anakwenda bomani, hakuna anayemuuliza wapi.

Nje ya mji ipo misheni ya Rungwe, ambako Wamoravian walifika mwaka 1891, Theodor Meyer na Theophil Richard wakiwa miongoni mwao, na ambako Kanisa la Moravian Jimbo la Kusini limekita mizizi yake. Wapo Walutheri wa Misheni ya Berlin walioanza mwaka huo huo upande wa mashariki na kufika Manow na Mwakaleli. Na ipo Masoko, ambayo nitaieleza peke yake.

Najua hoja itakayosimama hapa, maana nimeisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Boma ni nyumba ya mkoloni. Pale ndipo baba zetu walipopeleka kodi ya kichwa na ya kibanda, pale ndipo walipofungwa na kuchapwa. Liache lianguke, na badala yake tujenge kitu chetu.

Hoja hiyo ina uchungu wa kweli ndani yake, na anayeipuuza hajui historia. Lakini tazama nani hasa alijenga kuta zile. Maafisa wa Kijerumani walichora na kuamrisha. Matofali yalifinyangwa kwa udongo wa hapa, yakachomwa kwa kuni za hapa na kubebwa kwa mabega ya watu wa hapa, ambao majina yao hayakuandikwa na yeyote. Ukuta ule ndio maandishi pekee waliyoyaacha. Tukiuacha uanguke, tunafuta jasho la babu zetu na kumwachia Mjerumani kumbukumbu zake zilizoandikwa vizuri katika maktaba za Berlin. Na siku mtoto wa Tukuyu atakapotaka kuonyeshwa mahali kodi ilipolipwa na hukumu ilipotolewa, tutamwonyesha kitalu cha maua.

Isitoshe, tumekwisha kupoteza kitu kilicho chetu kabisa, tukiwa tunatazama. Mwaka 1879 msafiri Joseph Thomson alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akavutwa sana na vijiji vya Wanyakyusa: migomba iliyopangwa, nyua zilizofagiliwa, na nyumba za mianzi zilizojengwa kwa ustadi ambao hakuwa ameuona kwingine katika safari yake. Wageni waliomfuata, wamisionari kwa maofisa, waliandika mambo yale yale. Nyumba hizo hazikudumu miaka mingi, na hazikukusudiwa kudumu. Mianzi huoza kwa mvua ile ile, hivyo kila kizazi kilijenga zake, na kilichorithiwa kilikuwa mikono inayojua kukata, kupasua na kufunga mwanzi. Matofali na bati vilipoingia, mikono ile haikupata mwanafunzi. Leo unaweza kutoka Kiwira mpaka Tukuyu, ukashuka hadi Ushirika, usione nyumba moja ya namna ile. Hakuna aliyeamuru ziondolewe. Ziliondoka kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuzibakiza. Kama siku moja tutakuwa na bustani ya mji, ningependa pawe na nyumba moja ya mianzi, iliyojengwa na wazee ambao bado wanakumbuka, na vijana wa chuo cha ufundi wakiwa wamesimama pembeni wakijifunza, tena ijengwe upya kila inapochakaa.

Masoko iko kusini-mashariki mwa Tukuyu, kwenye barabara ya Mbambo, kando ya ziwa dogo la kasoko ambalo wengine huliita Kisiba. Ni ziwa la mviringo lenye kina cha karibu mita 40, na matope yaliyo chini yake yamewapa wanasayansi historia ya hali ya hewa ya makumi ya maelfu ya miaka. Juu ya ukingo wake Wajerumani walijenga kambi ya jeshi. Waingereza wakaitumia kwa askari wa jeshi lao la kikoloni, KAR, na baadaye majengo yakatumika kama mahakama. Watu husimulia kwamba Wajerumani, walipoona wameshindwa, walitupa silaha na sarafu zao ziwani. Sarafu kuukuu za enzi hizo zimekuwa zikiokotwa ufukweni na kuuzwa kwa wageni, na kila sarafu moja ya shaba huzaa hadithi ya masanduku kumi ya dhahabu.

Hadithi hiyo ni tamu, na inaua majengo. Katika Nyanda za Juu Kusini, na vilevile Lushoto na kwingineko ambako Wajerumani waliishi, wapo watu wanaotembea na ramani zinazodaiwa kutoka Ujerumani, na wengine na mashine za kutambua chuma. Wanachimba usiku kando ya misingi, chini ya ngazi, katikati ya makaburi. Nawaomba wafikirie jambo moja la tarehe. Sarafu za dhahabu ambazo Wajerumani walizitengeneza nchini wakati wa vita, zile za rupia 15 zenye picha ya tembo, zilipigwa Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na hazikupita sana 16,000 kwa jumla. Mwaka ule ule, kabla Juni haijaingia, Waingereza walikuwa wameshaishika Tukuyu. Dhahabu ya Tabora ingepita wapi kuja kulala Masoko? Kilichokuwa mifukoni mwa askari wa huku ni rupia za fedha na hela za shaba, mshahara wa mtu wa kawaida. Hakuna utajiri pale wa kumtoa mtu katika umaskini wake.

Shimo, lakini, lipo. Mchimbaji huondoka asubuhi na kuliacha wazi. Mvua ya kwanza hulijaza, maji hunywea chini ya msingi, udongo uliokuwa umeshikana kwa miaka mia hulegea, na kona ya jengo hushuka kidogo. Ufa unaopanda kutoka kona hiyo hadi dirishani hupasua linta, bati linaachia, na sasa maji yanaingia juu na chini kwa pamoja. Atakayepita baada ya misimu mitatu atasema jengo lilianguka kwa uzee.

Mtu atauliza, sheria iko wapi? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inakataza kuchimba maeneo ya kihistoria bila kibali. Lakini ina mstari ambao kila mtu wa Rungwe anapaswa kuujua: ulinzi wake wa moja kwa moja kwa majengo unayahusu yale yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mjerumani wa kwanza kujenga Rungwe alikuja karibu miaka 30 baada ya hapo. Kwa hiyo jengo letu halilindwi kwa umri wake. Hulindwa pale tu waziri mwenye dhamana anapolitangaza katika Gazeti la Serikali, na si rahisi waziri atangaze kitu ambacho wilaya haijakiombea. Hata kutangazwa hakutoshi, kwani Unguja walikuwa na tangazo la UNESCO lenyewe. Ila bila tangazo, siku mkandarasi atakapofika na greda, hatutakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu bila kumngoja yeyote. Kabla ya kuyataja, tuwatazame watu wa Iringa, jirani zetu wa Nyanda za Juu. Boma lao lilijengwa mwaka 1900 na Wajerumani, kwanza kama hospitali ya jeshi, kisha likawa ofisi ya wilaya kwa miongo mingi. Chuo Kikuu cha Iringa, kupitia mradi wa Fahari Yetu uliosaidiwa na Umoja wa Ulaya, kililikarabati, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa. Ndani yake wanafunzi wanaona historia ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, wanaona mavazi na vyombo vya makabila ya Iringa, na nje watu wanakunywa kahawa. Wao walianza na jengo. Watu walioketi nje wamekuja kwa sababu ndani pana kitu cha kuona.

Misheni ya Rungwe nayo ina somo lake, la kimya zaidi. Waingereza walipowakamata wamisionari wa Kijerumani mwaka 1916, makanisa yalibaki mikononi mwa waumini wenyeji, na kwa miaka kadhaa wao ndio walioyaendeleza. Jengo ambalo watu huingia kila Jumapili huwa na mtu wa kugundua tone la kwanza linalodondoka juu ya benchi. Jengo lililofungwa kwa kufuli likisubiri mfadhili halina mtu huyo. Kwa sababu hiyo nisingependa boma lihamwe kabisa na kugeuzwa pambo la katikati ya bustani. Ofisi ndogo, maktaba ya watoto, chumba cha kumbukumbu za wilaya, chochote kitakachofanya mtu afungue madirisha asubuhi na ayafunge jioni, kitalisaidia kuliko lawni.

Ninachopendekeza kwa halmashauri hakihitaji wafadhili. Iwepo kasma ya kudumu ya matengenezo ya majengo ya kihistoria, hata ikiwa ndogo, itokane na mapato ya ndani, na isihamishwe katikati ya mwaka kwenda kwenye safari na posho. Awepo mtumishi mmoja anayejulikana kwa cheo chake kwamba yeye ndiye mwenye dhamana ya paa. Kila Oktoba apandishwe fundi, asafishe magata, apige misumari ya bati iliyoachia, akague kenchi kama zina mchwa, na mitaro ya kuzunguka msingi izibuliwe ili maji yaende mbali na ukuta. Miti iliyopandwa karibu mno ikatwe kabla mizizi haijafika chini ya kuta. Saruji isiguse ukuta wa chokaa au wa udongo mpaka Idara ya Mambo ya Kale iulizwe. Picha zipigwe kila mwaka kutoka mahali pale pale, ili ufa uliokua uonekane umekua. Na bustani ikijengwa, sehemu ya ushuru wa vibanda vyake iandikwe ndani ya sheria ndogo kwamba ni ya paa la boma, ili mwenye kuuza ndizi choma na chai pale awe anashiriki kuliweka hai jengo linalomletea wateja.

Gharama ya haya ni ngazi, misumari, bati chache na siku kadhaa za fundi kila mwaka. Ni gharama ndogo mno isiyozinduliwa na kiongozi yeyote, na ndiyo maana hukosa mtetezi. Bustani huwa na jiwe la msingi na utepe wa kukata. Gata lililosafishwa halina utepe.

Vikao vya bajeti vya halmashauri huketi mwanzoni mwa mwaka, wakati mvua yetu iko kazini. Waheshimiwa madiwani wa Rungwe, nawaomba mwaka huu msiridhike na taarifa ya makaratasi. Siku ya kikao mvua ikianza kunyesha, tokeni, mwende bomani, mwende Masoko, mwinue macho mtazame maji yanapoingilia. Kisha rudini ukumbini mpitishe fedha za paa kabla ya kuletewa fedha za maua.